Hiyo OC kwenye boksi haina thamani ya elfu saba zako

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuongea mambo mengine kabisa, lakini kuna meseji iliingia kwa inboksi yangu Jumanne usiku na imekataa kunitoka kichwani.

Mtumaji ni kijana wa Kayole. Amemaliza kidato cha nne, na jioni anauza smokie na mayai boilo karibu na steji. Ameweka pesa karibu mwaka mzima, kidogo kidogo, kwa sababu anataka kompyuta ya gemu. Alinitumia picha mbili alizopiga kwenye duka moja mjini. Zote ni kadi za grafiki, zote RTX 4060. Moja ni ya kawaida, anauziwa elfu 45. Nyingine ina herufi mbili zaidi kwenye boksi, OC, na bei ni elfu 52. Akaandika hivi: "Brathe, niko na 45 kamili. Nichukue mkopo wa simu niongezee hiyo saba, ama nitulie na ya kawaida? Muuzaji amesema ya kawaida nitajuta."

Nilimjibu pale pale: usichukue mkopo. Lakini jibu la maneno mawili halitoshi, na najua hayuko peke yake. Hata mimi nimewahi kuwa yeye. Kwa hivyo leo nataka tuongee hii maneno ya OC polepole, na nitasema msimamo wangu mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: kama bajeti yako inakubana, kulipa zaidi kwa sababu ya herufi OC ni kutupa pesa. Zipo sababu za kununua kadi ghali zaidi, lakini hiyo siyo mojawapo.

Tuanze na OC yenyewe. Chipu ya RTX 4060 inatoka kwa NVIDIA. Kampuni kama ASUS, MSI na Gigabyte zinachukua chipu hiyo, zinaiwekea bodi, feni na boksi lenye picha za kutisha, halafu ndiyo inafika dukani. NVIDIA yenyewe imetaja kasi ya kawaida ya chipu hii ikiwa kazini: megahezi 2460. Kampuni ikiisukuma juu kidogo ya hapo kabla haijatoka kiwandani, inaruhusiwa kuandika OC. Hiyo ndiyo kuovakloku. Chipu ni ile ile. Korokoro zake za ndani, zile kori 3072, hazijaongezeka hata moja. Memori ni GB 8 zile zile. Kilichobadilika ni namba ya kasi.

Sasa swali la maana ni hili: imesukumwa kiasi gani? Hapa ndipo nilicheka nilipokaa chini kusoma. Gigabyte wana RTX 4060 inaitwa Windforce OC. Kasi yake ni megahezi 2475. Toa 2460 kwenye 2475, unabaki na 15. Hiyo haifiki hata asilimia moja. Kama gemu yako ilikuwa inakupa fremu 60 kwa sekunde, umeongezewa chini ya nusu fremu. Nusu! Hata kuipiga picha huwezi. Ukienda kwa ASUS Dual OC, ukiweka ile hali yake ya juu kabisa, inafika 2535. Hiyo ni megahezi 75 zaidi, kama asilimia 3. Kwenye fremu 60, unapata karibu mbili za ziada, na hapo nimekuwa mkarimu kwa sababu gemu haziongezi fremu sawasawa na kasi ya chipu. Mara nyingi unapata chini ya hapo.

Rudi kwa kijana wetu. Elfu 7 juu ya elfu 45 ni zaidi ya asilimia 15. Anaambiwa aongeze asilimia 15 ya pesa apate asilimia 3 ya kasi, tena kwa mkopo wenye riba. Ukimwambia mama mboga akupe hiyo hesabu, atakufukuza na sukuma yake.

Na bado kuna kitu wauzaji wengi hawasemi, pengine hata hawajui. Ile namba ya boksi si mwisho wa kadi. Tangu 2012, NVIDIA walipotoa GTX 680, kadi zao zinajipandisha kasi zenyewe. Kadi inaangalia joto lake na umeme inaoruhusiwa kutumia, na kama kuna nafasi, inapanda. Ndiyo maana RTX 4060 ya kawaida, ikiwa haijachemka, mara nyingi utaikuta ndani ya gemu ikikimbia kuliko hiyo 2460. Haingoji ruhusa ya herufi OC.

Fikiria mat za Thika Road. Nganya ina grafiti, taa za rangi na spika zinazotetemesha vioo, na unalipa zaidi kuipanda. Ile nyingine imechoka kidogo lakini ina viti. Kisheria zote mbili zina spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, na jam ya Roysambu haimjui mtu. Kwa kadi ya grafiki, gavana ni wati. RTX 4060 imepangiwa wati 115, na OC nyingi za bei ya chini zinabaki hapo hapo. Wamebadilisha namba kwenye dashibodi, gavana wakaiacha ilivyokuwa.

Nilijaribu hii kitu nyumbani, usidhani ninasoma tu karatasi. Kadi yangu ni OC, nitakuambia baadaye nilivyoingia huko. Likizo ya Disemba mabinamu walikuja, watano, wote wanajiita magwiji. Kuna programu ya bure inaitwa MSI Afterburner, inakubali hata kadi ambazo si za MSI. Nikaitumia kushusha kasi ya kadi yangu kwa megahezi 75, yaani nikairudisha kuwa ya kawaida. Nikawa naibadilisha kati ya raundi bila kusema, na nimezima ile namba ya fremu kwenye kona. Kazi yao ilikuwa kuniambia lini ni OC na lini siyo. Jamani, walikuwa wanakisia kama mtu anayerusha sarafu. Yule aliyepiga kelele zaidi, "hii sasa nimeisikia, hii ni OC kabisa", alikuwa kwenye kasi ya kawaida. Mpaka leo hataki tuongee hayo maneno.

Na hapo skrini yangu ni ya hezi 144. Kijana wa Kayole aliniambia yake ni ya hezi 60, aliitoa kwa ofisi moja iliyokuwa inahama. Skrini ya hezi 60 inachora picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa fremu 90 au 93, hizo tatu za ziada zinaenda wapi? Haziji machoni mwake.

Nilipomuuliza kompyuta anayotaka kuichomekea hiyo kadi, ndipo nikashika kichwa. Ni zile ex-UK, ya ofisi, prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8 na diski ya zamani inayozunguka. Sizidharau hizo mashine, wengi wetu tumeanzia hapo, na ni nzuri kwa bei yake. Lakini tuseme ukweli. Prosesa hiyo ni ya 2013 au 2014. Kwenye gemu nyingi za sasa, ndiyo itakayokuwa inahema wakati kadi imekaa inasubiri kazi. Ukiongeza kasi ya kadi inayosubiri, umeongeza kasi ya kusubiri.

Baya zaidi ni umeme. NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 4060. Mashine nyingi za ofisi zinakuja na chini ya 300, na ndani huna ule waya wa pini 8 ambao kadi inahitaji. Sasa kuna mafundi watakuambia hakuna shida, wanakuwekea adapta inayotoa umeme kwenye waya wa diski, ule wa SATA. Tafadhali, nisikie hapa hata kama umelala pale juu. Plagi moja ya SATA imeundwa kubeba kama wati 54. Plagi ya pini 8 ya kadi inaweza kuitishwa hadi 150. Hiyo adapta itachemka, itayeyuka, na ukiwa na bahati mbaya itawaka moto ukiwa umelala. Mambo ya OC yanakuwa mchezo ukiweka hilo mezani.

Naongea kwa uchungu kwa sababu yamenipata. Mwaka wa 2023 nilikuwa na pesa za kazi ndogo ya kuhariri video za harusi. Nilitaka OC. Sikujua ni nini, nilijua tu kwamba kwenye video za watu wa nje wanasema OC, na nilitaka kusema pia. Nikaongeza elfu kadhaa nikaichukua. Pesa ikapungua, kwa hivyo pawa saplai nikanunua ile ya bei ya chini kabisa, haina jina, nyepesi kama boksi la viatu. Fundi hakunilazimisha, ni mimi. Wiki ya tatu, jioni, stima zikapotea zikarudi, zikapotea zikarudi, mnajua vile hufanya. Mara ya tatu nikasikia paa, halafu harufu. Pawa saplai ilikufa na ikaondoka na mazabodi. Kadi ikapona, kwa neema tu. Ikakaa kabatini miezi minne nikitafuta pesa ya mazabodi nyingine. Miezi minne nilikuwa na kadi ya OC ndani ya kabati, kando ya sweta. Mathe akifungua kabati ananiuliza, "na hii ya elfu hamsini inafanya nini hapa?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo nikiambiwa elfu 7 ziende wapi, sioni OC hata kwa mbali. Kwanza ni pawa saplai ya kampuni inayojulikana, yenye waranti na waya wa pini 8 wake wenyewe. Hakikisha pia inaingia kwenye mazabodi yako, kwa sababu mashine nyingi za ofisi zina plagi zisizo za kawaida. Kisha SSD, hata ndogo, kwa sababu diski ya kuzunguka inafanya gemu ifunguke ukiwa umeshapika ugali. Kisha kijiti cha pili cha RAM, vifike GB 16 na vifanye kazi viwili viwili. Yote hayo utayahisi siku ya kwanza, bila kuangalia namba kwenye kona. Kama pesa haitoshi kwa yote, fuata huo mpangilio, na uanze na umeme.

Najua kuna watu tayari wamekunja uso. Dada mmoja wa Mombasa anayenifuata aliwahi kunibishia haya haya, na alikuwa na hoja. Alisema kadi yake ya OC yenye feni tatu haipigi kelele, na hata Machi, joto la Pwani likiwa juu, haishuki kasi, wakati ya kakake yenye feni mbili ndogo inalia kama jenereta ya kinyozi. Namkubalia. Kadi ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, na mtu wa Mombasa au Kisumu hana hewa baridi ya Limuru ya kumsaidia. Lakini angalia vizuri alicholipia. Alilipia feni tatu na chuma kizito cha kupoza. Herufi OC zilikuja tu kama stika juu ya hicho chuma. Kampuni nyingi zinaweka vipoza vyao bora kwenye kadi za OC, kwa hivyo ni rahisi kudhani ni OC inayofanya kazi. Zipo pia OC za feni mbili nyepesi ambazo hazina tofauti yoyote na za kawaida isipokuwa namba.

Ndiyo maana sisemi "usinunue OC kamwe". Ukikuta OC na ya kawaida bei ni moja, chukua OC, kwani iko nini. Ukikuta OC imebaki peke yake dukani na bei ni ya haki, chukua. Ukikuta tofauti ni elfu moja au mbili na kipoza ni kikubwa kweli, na unakaa mahali pa joto, chukua na ulale. Ila ukiambiwa elfu saba, muulize muuzaji maswali haya, na umtazame usoni:

Kasi ya hii ni megahezi ngapi, na ya hiyo nyingine ni ngapi? Akisema tu "hii ni kali", hajajibu.

Feni ni ngapi, na kipoza cha hii kina tofauti gani na cha ile? Omba azitoe kwenye boksi uzishike zote mbili.

Waranti ni ya muda gani, na ni nani atakayeiheshimu, duka au kampuni? Iwe kwenye risiti, si mdomoni.

Urefu wake ni sentimita ngapi? Kadi za feni tatu nyingi haziingii kwenye kasha la ofisi, na duka halitakurudishia pesa kwa sababu kasha lako ni fupi.

Na kama bado moyo wako unalilia OC, nina habari njema: unaweza kujifanyia bure. Afterburner ile ile niliyotumia kuwachezea mabinamu inaweza kupandisha kadi ya kawaida. Unaongeza megahezi 25, unacheza gemu nzito kwa saa moja, unaangalia joto. Ikitulia, unaongeza 25 nyingine. Gemu ikianza kuganda au kujifunga, umefika mwisho wa chipu yako, rudi nyuma hatua mbili. Usiguse volteji. Soma kwanza masharti ya waranti yako, kwa sababu kampuni hazifanani kwenye hili. Kila chipu ina mwisho wake, nyingine inapanda sana, nyingine kidogo, na ukinunua ya kawaida inawezekana kabisa ukaifikisha pale pale OC ilipokuwa. Elfu saba umebaki nazo mfukoni.

Ukitaka tofauti kubwa ya kweli, inapatikana kwa kupanda daraja la chipu. RTX 4060 Ti ina kori 4352, si 3072. Hiyo ni kama asilimia 40 zaidi, na hakuna OC ya kiwandani itakayokufikisha huko. Kwa hivyo mtu akiwa na OC ya bei ya juu sana mkononi, aangalie kama hajaikaribia bei ya chipu iliyo juu yake. Mara nyingi utakuta unalipa nauli ya Mombasa ushukie Mtito Andei.

Nilimwandikia kijana haya yote, kwa meseji ndefu iliyomaliza bando yangu. Alisoma. Akakaa kimya siku nzima, nikajua nimemuudhi. Kesho yake akajibu: "Nimekuelewa brathe. Lakini nitawaambia nini maboyz? Nimewashow ni OC."

Hapo ndipo nilielewa meseji yake ya kwanza. Kijana hakuwa ananiuliza kuhusu megahezi. Ameuza smokie mwaka mzima, kwenye vumbi na mvua, na anataka siku ikifika awe na kitu ambacho hakuna atakayekiita cha kawaida. Namwelewa kabisa, kwa sababu kadi yangu haikuingia kabatini kwa ajili ya fremu. Iliingia kwa sababu ya neno hilo hilo, kawaida. Na wanaoandika hayo maboksi wanatujua vizuri kuliko tunavyojijua.

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyowaambia nyote mlio kwenye hiyo hali. Mkopo wa simu utakupigia kila siku hadi ulipe, na maboyz hawatakusaidia kuupokea. Nunua ya kawaida. Nunua pawa saplai ya maana. Siku ukiiwasha, waite waje wacheze, wakae hapo kwako mpaka saa sita usiku. Kama kuna mmoja atakayegundua kwamba si OC bila kuangalia boksi, nitumie namba yake, nina mabinamu watano wanaotaka kukutana naye.

Hajanunua bado. Ameniambia anaenda mjini Jumamosi, na kwamba anabeba rula ya kupima kasha.